Mboga Zetu si Magugu

Ukipita Mashimoni, mtaani Kibera, jua likielekea kutua, hutakosa kuwaona akina mama mboga wakikatakata majani mabichi kwa visu vikali huku wateja wakisubiri kwenda kuyapika. Mezani kuna managu, terere, saga na kunde. Ni soko dogo lisilo na paa, lakini kwa mwanaisimu ni maktaba.

Wasikilize wateja. Mmoja huomba managu. Jirani yake Mjaluo hukiita kitu hicho hicho osuga, Mkisii rinagu, Mluhya lisutsa. Saga nayo ni dek kwa Mjaluo na chinsaga kwa Mkisii. Kiswahili sanifu pia kina majina yake: mnavu na mgagani. La ajabu ni kwamba mwanafunzi azilaye mboga hizo kila jioni aghalabu hayajui majina hayo mawili, ilhali kabichi na karoti amezisoma tangu utotoni.

Kosa si lake. Kwa miaka mingi elimu yetu ya kilimo iliihesabu mimea hii kuwa magugu, ya kung'olewa ili mahindi na kabichi vipate nafasi. Neno si jambo dogo. Kiitwacho gugu hakitafutiwi mbegu, hakifanyiwi utafiti, wala hakiandikwi kitabuni. Itazameni sukuma wiki: asili yake ni ng'ambo, lakini ilipopata jina la Kiswahili linalosimulia maisha ya mwenye pato dogo, ikawa yetu. Zile zetu wenyewe tukazipa kisogo. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga.

Wapo waliokataa kasumba hiyo. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta amezitafiti mboga hizi kwa miongo kadhaa, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunuku kwa kazi yake. Wataalamu wameonyesha kwamba managu na saga zina madini ya chuma na vitamini A kwa wingi kuliko kabichi. Nao wakazi wa Kibera, hasa baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, walipanda mboga ndani ya magunia ya udongo milangoni mwao. Hawakusubiri shamba.

Huenda msomaji akasema kwamba mboga nyingine za mjini hunyweshwa maji taka. Ni kweli, na ndiyo sababu mnunuzi hana budi kuuliza zimetoka wapi. Lakini asiyejua hata jina la mboga atauliza nini?

Ombi langu kwa walimu ni jepesi. Mtaala wa umilisi unataka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Basi mtumeni sokoni na daftari. Aandike jina la kila mboga kwa lugha ya nyumbani kwao na kwa Kiswahili sanifu, ilikotoka, na jinsi nyanya yake anavyoipika. Kwa mfano, kwa nini managu hutiwa maziwa. Kazi hiyo haihitaji fedha za serikali.

Tusipofanya hivyo, ajuza mmoja akifariki ataondoka na jina, na baada ya jina mmea wenyewe utafuata. Hapo tutabaki na kabichi, na hatutakuwa na wa kumlaumu.