Mwitikie Mwenzako
Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hapa Tanzania inataka, kwa kawaida, wanandoa wapitie baraza la usuluhishi kabla ya kudai talaka mahakamani. Ni busara, lakini wengi hufika barazani wameshachokana, na wazee huwauliza nani alikosa nini, si lini waliacha kuzungumza. Naamini penzi hufifia mapema zaidi, katika maneno madogo yasiyojibiwa. Mtafiti John Gottman wa Marekani alifuatilia maharusi kwa miaka 6 akaona kwamba waliodumu walikuwa wakiitikiana mara 86 katika kila 100 mmoja alipomsemesha mwenzake. Walioachana, mara 33 tu. Mke anasema, “Leo mgongo unaniuma,” mume hainui macho kwenye simu. Hapo ndipo pa kuanzia. Weka simu chini, muulize umeanza lini, umkande. Usingoje hamu irudi ndipo umsikilize. Mara nyingi hamu hufuata usikivu. (Nasemea waliochokana, si anayepigwa, huyo atafute usalama kwanza.) Na kama kazi zinawapishanisha, chagueni mlo mmoja wa kula pamoja, hata uwe uji wa alfajiri.