Ngome ya mapenzi na mama wa miaka 13

Kama uliitazama filamu ya Me Before You iliyotolewa mwaka wa 2016, bila shaka unaikumbuka ile ngome ya mawe. Emilia Clarke aliigiza kama Lou, msichana anayeajiriwa kumtunza Will, kijana tajiri aliyepooza. Katika hadithi, ngome ni mali ya jamaa ya Will, na mji wao uko England.

Hasha! Ngome hiyo ni Pembroke, kusini-magharibi mwa Wales, na mwenyeji wa huko ukimwita Mwingereza usishangae akikununia. Wenye sinema huipenda kwa kuwa kuta na minara yake ingali imesimama, na mji uko papo hapo mlangoni. Hata Jabberwocky ya mwaka wa 1977 ilipigwa hapo. Lakini usidanganywe na uzima huo. Baada ya ngome kuzingirwa mwaka wa 1648, Oliver Cromwell aliamuru ivunjwe, ikabaki magofu. Sehemu kubwa ya yale uyaonayo ilitengenezwa upya na Sir Ivor Philipps, aliyeinunua mwaka wa 1928.

Mimi sina ugomvi na machozi ya Lou. Ila ndani ya kuta hizo hizo kuna kisa ambacho kingemliza mtu zaidi, tena si cha kubuni. Mwaka wa 1455 Margaret Beaufort, mtoto wa miaka 12, aliozwa Edmund Tudor, mwanamume aliyemzidi umri mara mbili. Novemba 1456 mume akafa, akamwacha mjamzito. Shemeji yake, Jasper, akamhifadhi Pembroke, na huko, tarehe 28 Januari 1457, akajifungua mtoto wa kiume. Mjane huyo alikuwa na miaka 13!

Mtoto huyo ndiye Mfalme Henry VII, aliyetwaa taji mwaka wa 1485. Na mama je? Aliolewa tena, wala hakupata mtoto mwingine maishani.

Mwaka wa 1498, Henry alipokuwa akipanga kumwoza bintiye kwa Mfalme wa Scotland, nyanya huyo alipinga msichana asipelekwe mapema, akihofia mume hatakuwa na subira. Binti alikuwa na miaka minane. Wakangoja. Harusi ilifanyika mwaka wa 1503, naye bibi arusi alikuwa na miaka 13.