Trekta la Njoro Linalipia Barabara Gani?

UPEPO WA MENENGAI
Na Tabitha Chelimo

Mtoto wa kaka yangu alikulia Salgaa, pale madereva wa masafa marefu wanapoegesha malori yao kulala. Kabla hajajua kusoma vizuri, alishajua kwa sauti tu lori lililobeba na lile linalorudi tupu. Alijua pia kwamba dizeli ni nafuu kuliko petroli, maana ndivyo vibao vya vituo vyote vya mafuta vilivyosema, kutoka Nakuru mjini hadi Mau Summit. Siku hizi anaendesha trela Marekani. Juzi alinipigia simu akiwa kituoni anajaza tangi. "Shangazi," akaniambia, "huku mambo ni kinyume. Dizeli ndiyo ghali. Wenye magari madogo wanapita wakilipa kidogo, sisi wa malori ndio tunaokamuliwa. Kwani huko nyumbani mliwezaje?"

Nilimwahidi jibu. Nimelitafuta, na limenifikisha mbali kuliko nilivyodhani, hadi kwenye shamba la ngano Njoro.

Pipa moja la mafuta ghafi lina lita 159. Kiwandani huchemshwa, mvuke ukapanda ndani ya mnara mrefu, na kila kitu kikatafuta mahali pake. Vyepesi hupanda juu, ndiyo gesi ya kupikia na petroli. Vizito hubaki chini, ndiyo lami. Katikati ndimo yanamotoka mafuta taa, mafuta ya ndege na dizeli. Hayo matatu ni ndugu wa tumbo moja, na ndugu wa tumbo moja hugombania chungu kimoja. Ndege zikiruka kwa wingi, dizeli inapunguziwa. Ulaya ikiingia majira ya baridi, watu wakawasha mafuta ya kupasha nyumba joto, dizeli inapunguziwa tena. Mwaka 2020 meli nazo zilijiunga: sheria ya kimataifa ilishusha kiwango cha salfa katika mafuta yake kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na nyingi zikageukia mafuta yanayochanganywa na yale yale ya katikati ya mnara.

Salfa yenyewe ni gharama. Wakubwa mnakumbuka moshi mweusi uliokuwa ukifuka nyuma ya mabasi yakipanda Mbaruk. Mwaka 2015 kiwango cha salfa katika dizeli inayoingia Kenya kilishushwa hadi sehemu 50 katika kila milioni, na kuiondoa kunahitaji haidrojeni, joto kali na mitambo ya pesa nyingi. Faida yake tunaipumua kila siku, na sitaki turudi nyuma. Lakini lazima mtu ailipie.

Kuna na hili. Lita ya dizeli ina nguvu kuliko lita ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10, ndiyo maana kazi nzito zote zimeikalia: lori, trekta, jenereta, tingatinga, meli. Mwenye gari dogo petroli ikipanda anaweza kuliacha nyumbani akapanda matatu. Gunia la viazi la Molo halina matatu ya kupanda. Bei iwe juu au chini, lazima lifike soko la Marikiti kabla halijaoza, kwa hiyo mnunuzi wa dizeli hana ujanja, na anayemuuzia analijua hilo.

Huko kwa kijana wetu serikali ya Marekani imeongeza juu yake: ushuru wa taifa ni senti 24.4 kwa galoni ya dizeli, na senti 18.4 kwa ya petroli. Kwao lori ndilo linalochimba barabara, basi na lilipe zaidi.

Sasa turudi nyumbani. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, kwa hiyo tunanunua kila tone likiwa limeshasafishwa, kwa bei ya dunia. Tangu 2023 serikali imeagiza kwa mkopo kupitia Aramco ya Saudi Arabia na ADNOC na ENOC za Emirati. Mafuta hushukia Mombasa, yakasukumwa kwa bomba hadi Nairobi, kisha hadi kwenye matangi ya hapa Nakuru, na mbele hadi Eldoret na Kisumu. Njiani hakuna mahali dizeli inapogeuka kuwa rahisi. Urahisi huo hutiwa na sheria, karatasini, na kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hututangazia matokeo yake.

Tarehe iliyonifungua macho ni 14 Septemba 2022. Rais Ruto alikuwa ameapishwa jana yake. Vita vya Ukraine vilikuwa vimeivuruga dizeli kuliko mafuta mengine yote, kwa sababu Ulaya ilizoea kuichukua kwa Mrusi na sasa ilikuwa inaitafuta kule kule Ghuba tunakonunua sisi. Jioni hiyo EPRA ilitangaza kwamba ruzuku ya petroli imeondolewa. Petroli Nairobi ikawa shilingi 179.30 kwa lita, dizeli 165. Kibaoni dizeli bado ilionekana ndogo. Lakini taarifa ile ile ilisema dizeli imebakishiwa ruzuku ya shilingi 20.82. Jumlisha mwenyewe: bila msaada huo dizeli ingeuzwa 185.82, juu ya petroli kwa shilingi sita na nusu. Yaani siku hiyo Kenya ilikuwa kama Marekani, ila sisi tulifunikiwa. Majirani zetu wa Dar es Salaam, mwishoni mwa mwaka huo, waliiona dizeli ikiipita petroli kwenye bei za EWURA, mdhibiti wao wa mafuta.

Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2023, petroli ilipanda hadi 211.64 na dizeli 200.99. Tofauti ni shilingi 10.65. Sasa tazama ushuru wa bidhaa: petroli hutozwa shilingi 21.95 kwa lita, dizeli 11.37. Tofauti ni shilingi 10.58. Ukiondoa hiyo, kinachobaki kati ya petroli na dizeli ni senti saba.

Kwa hiyo jibu la kijana wetu ni hilo: nyumbani hatukuweza lolote sokoni. Tuliamua tu kuitoza petroli zaidi. Na mimi nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Unga, maziwa, viazi na maua ya Naivasha, vyote vinapita kwenye dizeli.

Kinachonisumbua ni nani amebebeshwa. Ruzuku ya serikali ilipopungua, mwishoni mwa 2022, wanunuzi wa petroli ndio waliobebeshwa sehemu ya bei ya dizeli kwa miezi kadhaa. Simama asubuhi pale Free Area uhesabu wanaonunua petroli. Wa kwanza kwenye foleni si mwenye gari la kifahari, maana magari mengi makubwa ya wakubwa wetu hunywa dizeli. Ni kijana wa boda boda anayetia ya shilingi 200, apige mbio mbili, arudi atie ya 200 nyingine. Huyo ndiye aliyekuwa akiichangia dizeli ya lile gari kubwa lililosimama nyuma yake, na hakuna aliyemweleza. Kama taifa linataka kuisaidia dizeli, na litoe kwenye tozo ya maendeleo ya mafuta, zile shilingi 5.40 zilizowekwa mwaka 2020 na ambazo sote tunazilipa kwenye kila lita ya petroli na dizeli, tena ziandikwe wazi kwenye tangazo la mwezi.

Nilikuwa na mawazo hayo kichwani nilipokwenda Njoro wiki iliyopita. Mzee mmoja anayelima mashamba ya watu kwa kukodishwa alikuwa anajaza trekta lake kando ya njia. Alikuwa na mitungi miwili ya lita 20 na faneli aliyoifunika kitambaa safi cha pamba. Dizeli ilipita kwenye kitambaa polepole, na alipomaliza aliunyanyua ule mtungi akauinamisha hadi tone la mwisho, akasubiri, akauinamisha tena. Nikamuuliza kitambaa ni cha nini. Akasema kilimgharimu pampu nzima kujifunza. Miaka ya nyuma aliuziwa dizeli iliyochanganywa na mafuta taa, injini ikaanza kugonga, na msimu ukapita trekta likiwa juu ya mawe. Kitambaa hakizuii mafuta taa, anajua, ila kinamwonyesha uchafu na maji, na tangu siku ile hamimini kitu bila kukitazama.

Nikamuuliza ekari moja ya ngano inakula kiasi gani. Alihesabu kwa vidole vyenye grisi. Kulima mara ya kwanza kwa plau, lita 10. Haro mara mbili, 10 nyingine. Kupanda, kupiga dawa, kisha kombaini ya kuvuna. "Andika 30, mama. Kabla ngano haijafika ghalani, ekari imekunywa lita 30."

Nikaandika. Kisha nikakumbuka kwamba kwenye kila lita aliyoimimina mbele yangu kuna shilingi 25 za tozo ya ukarabati wa barabara. Ilikuwa 18 tangu 2016, ikapandishwa Julai 2024. Lita 30 mara 25 ni shilingi 750 kwa ekari, za kukarabati barabara, zinalipwa na mashine inayozunguka ndani ya shamba tangu alfajiri hadi giza. Trekta lile hutoka kwenye udongo kwa dakika chache tu, likihama shamba moja kwenda jingine. Mashine ya posho ya dizeli kule Mauche inalipa tozo hiyo hiyo, nayo imefungwa kwa boliti kwenye sakafu ya saruji.

Tumeshuhudia magavana na wabunge wakivutana hadi mahakamani juu ya shilingi bilioni 10.5 za tozo hiyo, kila upande ukidai ndio unaostahili kuzitumia. Sikumsikia hata mmoja akiuliza ni nani waliozitoa.

Nchi nyingine ziliuliza. Uingereza mkulima hununua dizeli iliyotiwa rangi nyekundu na kutozwa ushuru mdogo sana. Mwaka 2022 waliwaondolea wajenzi na wengine wengi nafuu hiyo, lakini wakulima wakaachiwa. Marekani nako dizeli ya shambani ina rangi nyekundu na haina ushuru wa barabara, na ukikamatwa nayo kwenye tangi la lori barabarani, faini yake ni ya kulia.

Hapa kwetu rangi nyekundu naiogopa. Tunajua kilichotokea mafuta taa yalipokuwa rahisi: wajanja waliyachanganya na dizeli, wakatuharibia injini kama ya yule mzee, na mwaka 2018 serikali ikajibu kwa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili mchanganyiko usiwe na faida. Wachanganyaji walikosa biashara, ni kweli. Lakini mama wa Kaptembwo mwenye jiko la mafuta taa hakuwa amechanganya chochote, na ndiye aliyebaki akilipa. Ile Septemba ya 2023 mafuta taa yalifika 202.61, yakaipita hata dizeli. Tukiweka dizeli mbili za bei mbili kwenye vituo vyetu, tutaonana tena huko huko.

Njia ninayoiona ni kurudisha pesa badala ya kuuza mafuta mengine. Wakulima tayari wamesajiliwa kupitia machifu, ekari zao na mazao yao yameandikwa, na kwa sajili hiyo hupokea ujumbe wa simu wa kuchukua mbolea ya shilingi 2,500 kwenye maghala ya NCPB, bodi ya nafaka. Sajili hiyo hiyo inaweza kumrudishia mkulima shilingi 25 kwa kila lita, kwa kiwango kilichokubalika cha lita kwa ekari, moja kwa moja kwenye simu yake. Najua mtanikumbusha mbolea feki ya mwaka 2024, na kilio chake nilikisikia Rongai na Subukia. Lakini ile ilikuwa hila ndani ya gunia. Hapa hakuna gunia la kuchezewa. Sharti moja tu nalitilia mkazo: pesa zimfuate anayelima, si mwenye hati ya shamba, maana Mau Narok na Njoro jembe mara nyingi hupita kwenye ardhi ya kukodi, na mwenye hati anaweza kuwa Nairobi asijue hata kama mvua imenyesha.

Wabunge wetu wa Nakuru watapewa tena Mswada wa Fedha kuujadili. Kifungu kimoja kinatosha. Nitawauliza kwa majina yao hapa hapa kwenye safu hii, mmoja mmoja, nani alikileta na nani alikikataa.

Kijana wetu nilimpigia Jumapili nikamweleza yote haya. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama bado watu wanalima kwa kukodi trekta kama zamani. Nikamsimulia nilivyomwacha yule mzee wa Njoro. Alikuwa ameshafunga mitungi kwa kamba na anaongea na mama mmoja jirani wa shamba lile, mjane, aliyekuja kumwomba amlimie kabla mvua za masika hazijaanza. Mzee anatoza shilingi 3,000 kulima ekari moja. Mama alikuwa na ekari nne, na pesa za ekari tatu. Walikuwa wanatembea pamoja kando ya ua la michongoma, wakichagua ni upande gani utakaoachwa.