Maradhi Yenye Jina la Ugenini

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka wa 2012, kirusi kipya cha jamii ya korona kilitambuliwa nchini Saudia, na maradhi yake, MERS, yakapewa jina la Mashariki ya Kati. Jina hilo lapotosha. Yaaminika kuwa asili ya kirusi hicho ni popo, ila binadamu huambukizwa na ngamia. Na damu ya ngamia wa Kenya iliyokusanywa kati ya 1992 na 2013 ilipopimwa, ilikutwa na kingamwili zake.

Mgonjwa hutambuliwa kwa kupimwa makohozi maabarani. Dawa mahususi haipo. Husaidiwa kupumua tu, na takriban theluthi ya waliothibitishwa kuugua wamefariki.

Mwaka wa 2015, Shirika la Afya Duniani lilishauri maradhi mapya yasiitwe kwa majina ya mahali wala ya wanyama. Basi istilahi ya Kiswahili na itaje dalili: homa, kikohozi na kukosa pumzi. Ngamia atajwe katika maelezo, ili mfugaji wa Marsabit achemshe maziwa na kunawa mikono, pasi na kuidharau riziki yake.