Mawe ya mafuta: watu wa Tshopo waulize Estonia kwanza

Wapo wanaosema Kongo imelalia utajiri: kando ya mto Lualaba, kati ya Kisangani na Ubundu, kuna shisti, mawe yenye mafuta ndani. Yachimbwe, wanasema, raia wapate umeme na petroli. Maneno matamu. Lakini kabla ya kupiga makofi, watu waangalie Estonia.

Nchi hiyo ndogo ya Ulaya inachimba mawe hayo tangu 1916, na kwa miaka mingi karibu umeme wake wote ulitoka humo. Bei yake inaonekana katika jimbo la Ida-Viru. Mawe haya si petroli ya kisima. Yakichomwa, karibu nusu ya uzito wake inabaki majivu. Yakipashwa moto wa digrii kama 500 ili yatoe mafuta, masalio yake yanatupwa na kuwa vilima vyenye sumu, kama vile vya Kohtla-Järve. Maji ya chini ya ardhi yalivutwa ili mashimo yachimbwe, visima vya vijiji vikakauka. Maji machafu yenye fenoli yakaingia mitoni.

Watajibu: lakini Estonia ilipata umeme. Ni kweli. Ila ina serikali inayopima maji, na Umoja wa Ulaya uliodai vilima hivyo vifunikwe. Huku nani atadai? Mvuvi wa Lualaba anayekunywa maji ya mto huo huo?

Familia zilizokimbia zina hatari zaidi. Tangu 2023 mapigano ya Wambole na Walengola, yaliyotokana na ugomvi wa ardhi, yamefukuza maelfu ya watu Lubunga na Ubundu. Aliye kambini haitwi kwenye mkutano wa kijiji. Shamba lake likikatwa kuwa kitalu cha uchimbaji, karatasi itasema halina mtu.

Hiyo si hofu ya bure. Julai 2022 Kinshasa ilipiga mnada vitalu 30 vya mafuta na gesi, Oktoba 2024 ikafuta mnada, na 2025 ikatangaza vitalu vingine 52. Mwenye shamba anazisikia habari hizo redioni, kama mgeni.

Kisangani ina bwawa la umeme la Tshopo, lililojengwa wakati wa ukoloni. Litengenezwe kwanza. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Basi wenye ardhi warudi kwao salama, ndipo waulizwe. Jiwe halitakimbia, maji yakiisha kuharibika, hayarudi.