Usiuze Ng'ombe Kwanza

Baba mmoja alinijia ofisini kuniuliza kama yafaa auze ng'ombe wake wawili, ampeleke binti yake mjini kuondolewa kovu kwa mwanga. Binti aliungua kwa uji, na kovu limekaza shingo hata kuinua kichwa ni taabu. Nawe yasikie niliyomjibu.

Mwanga huo huitwa leza. Mtambo wa kwanza uliwashwa Marekani mwaka 1960, lakini leza si moja, na hapo ndipo wengi hukosea. Iko leza ya rangi, ambayo nguvu yake hushikwa na damu. Huziba vijishipa vidogo, na kovu jekundu lililoinuka hushuka. Huwafaa sana watu weupe. Kwa ngozi yetu yataka uangalifu, maana weusi wa ngozi nao hunyonya mwanga huo, na mtu aweza kubaki na baka.

Nyingine ni leza ya hewa ya ukaa. Hii hushikwa na maji yaliyomo ngozini. Siku hizi huigawanya iwe nukta nyingi mfano wa matundu ya sindano, na ngozi nzima iliyo kati ya matundu ndiyo iponyayo upesi. Hulainisha kovu gumu la moto. Hata hii yaweza kuacha weusi, tena hurudiwa mara kadhaa, na kila mara ni fedha.

Na kovu lile likualo kupita mipaka ya jeraha, kama la sikio lililotobolewa? Hilo ni keloidi. Usikubali likatwe kwa leza peke yake, kwani aghalabu hurudi, pengine kubwa kuliko kwanza. Mara nyingi huanza kutibiwa kwa sindano za steroidi ndani ya kovu, na sindano hazihitaji mtambo.

Huko mjini baba huyu aliahidiwa kwamba kovu litafutika kabisa. Hakuna leza ifanyayo hivyo. Wala leza hairefushi ngozi iliyopungua: shingo iliyovutwa namna ile kwanza ni kazi ya kisu, daktari wa upasuaji alikate kovu na kupandikiza ngozi, kisha leza ifuate ikihitajika. Tena muulize mwenye mtambo amekwisha kuwatibu watu weusi wangapi.

Jumatatu walikwenda hospitali kumwona daktari wa upasuaji. Ng'ombe wangali zizini.