Fanksheni Moja, Faili Moja: Funzo la Mizani ya Chai

Yeyote aliyekulia Kericho au Bomet anaijua mizani ya kituo cha kununulia majani chai. Wakulima hupanga foleni, karani hupima, na kilo zilizosomwa ndizo zinazoandikwa. Lau kila mkulima angekuja na mizani yake, pasingekuwa na amani kituoni. Mfano huo hunijia kila nionapo wanafunzi wetu wa uhandisi wakiandika programu za kuiga mitambo ya viwanda kwa kompyuta.

Sisemi haya kwa kuwabeza, kwani kosa lenyewe nimelitenda mimi. Nilikuwa nikimsaidia kijana mmoja wa hapa kwetu kuiga safari ya jani kiwandani. Tulikuwa na faili tatu: ya kunyausha, ya kukausha, na ya kukadiria kuni za boila. Katika kila faili tulinakili fanksheni ile ile, yaani kifungu cha maagizo chenye jina lake, kipokeacho tarakimu na kurudisha jibu. Kazi yake ilikuwa kukokotoa maji yaliyomo katika jani.

Kumbe ilikuwa na dosari. Majani mabichi kilo 100 yenye maji asilimia 78 yana kilo 22 tu za kitu kikavu; yakikaushwa hadi maji yawe asilimia 3, hupatikana chai takriban kilo 22.7. Sisi tuliihesabu asilimia ile juu ya uzito wa kitu kikavu badala ya uzito wa jani zima, tukapata kilo 56! Tulipogundua kosa, tulilisahihisha katika faili mbili, tukaisahau ya kuni. Maji ya kuondolewa yakaonekana kuwa karibu nusu ya yale ya kweli, na kuni vivyo hivyo. Kompyuta haikulalamika. Kiwanda ambacho kingenunua kuni kwa hesabu ile kingezimikiwa na moto kabla chai haijakauka.

Dawa yake si ngumu. Katika Octave, programu isiyolipiwa, fanksheni huwekwa katika faili yake yenyewe yenye jina lile lile. Kisha folda yake hutajwa kwa agizo la addpath, na kazi zote huiita kutoka hapo. Katika Scilab ni desturi kuhifadhi fanksheni katika faili za .sci, na maagizo ya kazi yenyewe katika faili za .sce. Tahadhari ni moja: majina mawili yakifanana, Octave huchukua lile la folda inayotangulia. Agizo la which litakuonyesha ni faili gani inayotumika.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1951, Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill wa Cambridge, Uingereza, walichapisha kitabu kuhusu kuiandalia programu kompyuta ya EDSAC, wakaeleza maktaba ya vifungu vya kutumiwa tena na tena. Wahenga wetu nao walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapo watakaosema kuwa faili moja ikiharibika, kazi zote zimeharibika. Ni kweli. Lakini mizani ya kituo ikikosea, wakulima wote huona na kupiga kelele, nayo hurekebishwa mara moja. Kosa lililotawanyika katika faili kumi halina wa kulipigia kelele.

Kwa hivyo nawasihi walimu wenzangu tusitoe alama kwa jibu la mwisho pekee. Tuulize pia: fanksheni hii imehifadhiwa wapi, imeandikiwa maelezo ya vipimo vyake, na imejaribiwa kwa mfano ambao jibu lake linajulikana? Nanyi wanafunzi, mnapomaliza mwaka, waachieni wadogo zenu folda iliyopangwa vizuri. Kilo 100 za majani zitawatosha kuijaribu.